Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa usafi katika kinu cha ngano, Dar es Salaam

Saa 12:20 asubuhi

Nashuka daladala Vingunguti. Mvua ya masika ilikatika jana magharibi, na sisi wa viwanda vya chakula tunajua maana yake: usiku kumbikumbi wametoka.

Kazi yangu ni usafi na udhibiti wa wadudu katika kinu cha ngano hapa Barabara ya Nyerere. Ngano yetu nyingi hushushwa bandarini, inasagwa kwenye jengo la ghorofa tano, kisha inatoka unga wa chapati, maandazi na mkate. Unga huo unaliwa na watoto wa shule za huku kwetu kabla hata jua halijapanda, kwa hiyo naichukulia kazi hii kwa uzito wake.

"Shikamoo mzee," namsalimu mlinzi wa getini.

"Marahaba mwanangu. Leo mna kazi. Jana usiku pale upakiaji kumbikumbi walijaa mpaka taa haionekani."

Saa 12:45

Nimeshavua hereni na saa, nimevaa kofia ya nywele, koti na viatu vya ndani. Naanza nje, kwenye mlango wa kupakia unga. Sakafu imetapakaa mbawa. Juu ya mlango kuna taa nyeupe, na kati ya mkono wa taa na kona ya ukuta buibui ametanda utando mpana kama kitambaa cha meza. Kijana wa usafi ameshainua brashi. Namwomba asubiri kwanza.

Namulika kwa tochi. Kwenye utando kuna mbawa za kumbikumbi, mbu na mende mdogo wa mwituni. Hao wote wameitwa na taa kutoka nje. Naingia hatua chache ndani, kwenye boriti ya kwanza, na hapo kuna utando mwingine, mdogo na wa zamani, umeshika vumbi la unga. Huo una vitu tofauti kabisa: nondo wadogo wa kijivu, urefu wao hata sentimita moja na nusu haufiki. Nondo hao hawakutoka nje. Wamezaliwa humu humu, mahali ambapo unga umekaa bila kuguswa kwa wiki kadhaa.

Buibui hali unga wala ngano. Anawinda. Akistawi mahali, ujue pale chakula chake kinapita kila siku. Ndiyo maana sikubali utando ufagiwe kabla haujasomwa. Nina mchoro wa kila ghorofa, na kila utando unaoonekana unaandikwa ulipo na kilichonaswa ndani yake. Ukifagia tu, kesho kutwa utakuta umerudi palepale, maana hujagusa kilichomleta. Nimeona viwanda vinavyofagia dari kila mwezi mwaka mzima bila nafuu yoyote, kwa sababu hakuna aliyeuliza buibui anakula nini.

Baada ya kuandika, kijana anaendelea na brashi.

Saa 2:00

Kikao kifupi cha kupokea zamu. Zamu ya usiku inasema karatasi za gundi kwenye taa za kunasa inzi zimejaa. Zinabadilishwa leo, na nakumbusha kwamba balbu za taa hizo hubadilishwa kila mwaka hata kama bado zinawaka, kwa kuwa mwanga unaovuta inzi hupungua mapema kuliko mwanga tunaouona sisi. Taa hizo hazining'inizwi juu ya mashine wala juu ya unga, na hazitakiwi kuonekana kutoka nje. Ikionekana nje, inawaalika inzi wa mtaa mzima.

Saa 3:00

Ghorofa ya tatu, usafi wa juu: kenchi, trei za nyaya, migongo ya mabomba. Rola za upande huu zimezimwa, mashine zimefunikwa, kibali cha kazi kimesainiwa. Vijana wamepanda jukwaa wakiwa na mikanda ya usalama na barakoa.

Hapa kila kitu kinafanywa kwa mashine ya kufyonza, na si mashine ya dukani bali ile iliyotengenezwa kwa vumbi linaloweza kulipuka. Mgeni akifika huniuliza kwa nini tusipulize hewa ya kompresa tukamaliza kwa dakika 10. Sababu ni mbili. Kwanza, ukipuliza unawahamishia wadudu na mayai yao kwenye nyufa nyingine. Pili, vumbi la unga likielea hewani likakutana na cheche, linalipuka. Mwaka 1785 ghala la unga la mwoka mikate mjini Turin, Italia, lililipuka kwa sababu ya moto wa taa. Mwaka 1878 kinu cha Washburn A huko Minneapolis, Marekani, kililipuka na watu 18 wakafa. Sitaki kijana yeyote wa zamu yangu apate habari hiyo kwa macho yake.

Utando uliokaa juu ya taa au nyaya hukusanya vumbi hilohilo, kwa hiyo kwenye kinu cha unga utando ni suala la moto pia, si la sura ya jengo pekee. Nawasisitizia vijana waangalie kifuko cha mayai: kile kidonge cha hariri, cheupe au cha kahawia, kilichobanwa kwenye pembe. Brashi ikivuta utando kikaanguka chini ya bomba, vifaranga wake watatoka hukohuko. Kifyonzwe kwanza, utando ufuate. Halafu mfuko wa mashine unatolewa nje ya jengo siku hiyohiyo, haulali ndani.

Saa 5:10

Wale nondo wa asubuhi wamenikaa kichwani. Kwenye mchoro, tando zenye nondo wa kijivu zinajipanga upande mmoja, kuanzia mlango wa upakiaji kupanda ghorofa ya pili. Mitego ya feromoni, inayowavuta madume kwa harufu ya jike, nayo imenasa wengi upande huohuo. Namwita fundi mitambo kuhusu elevata, ile mashine ya kupandisha ngano na unga ghorofani.

"Kaka, naomba tufungue kitako cha ile elevata ya pembeni, na lile bomba la zamani linaloungana nayo."

"Lile halitumiki, dada. Tangu tubadilishe mashine halipitishi kitu."

"Ndiyo maana nataka kuliona."

Anafunga umeme wa elevata kwa kufuli lake, anafungua boliti, anavuta kifuniko. Harufu inatoka kabla ya kitu kingine: harufu kali ya unga uliovamiwa na mbawakawa wa unga, Tribolium castaneum. Wapo, wekundu wa kahawia, milimita 3 hadi 4, wanakimbilia gizani. Lakini jibu langu liko kwenye bomba. Unga wa zamani umeganda mle ndani kwa nyuzi, vipande vinaning'inia kama vimeshonwa. Hakuna buibui humo. Hizo nyuzi zimetemwa na viwavi wa nondo. Navunja kipande kimoja kiganjani. Ndani mna kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia, na pembeni yake kifukofuko kitupu ambacho nondo ameshatoka. Kwa joto letu la Dar es Salaam, nondo wa maghala kama Ephestia cautella na Corcyra cephalonica hawahitaji miezi mingi kutoka yai hadi kuruka. Mlundikano mmoja kama huu unatosha kulisha buibui wa ghorofa mbili.

Tunafyonza mpaka chuma kinang'aa. Unga wote unatiwa kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kutolewa nje. Fundi anaziba mdomo wa bomba kwa bamba kwa sasa.

Saa 7:00

Ugali, maharage, mchicha. Tunakula kantini tu. Hakuna chakula kwenye makabati ya nguo, hata karanga, kwa sababu ya mende.

Saa 8:00

Mzunguko wa panya. Nje tuna vituo vya chambo vilivyofungwa kwa ufunguo kando ya uzio na kuta. Ndani ya jengo hakuna sumu kabisa, ni mitego ya kunasa tu, maana panya aliyekula sumu anaweza kwenda kufia ndani ya mashine, na chambo chenyewe anaweza kukibeba mpaka kwenye ngano. Leo kituo kimoja karibu na mtaro kina chambo kilichotafunwa. Naandika, naongeza ukaguzi upande huo.

Panya mdogo anapita kwenye upenyo wa milimita 6. Napima kwa kalamu: ikipita chini ya mlango, panya mdogo naye anapita. Mlango wa stoo ya mifuko mitupu brashi yake ya chini imelika, inabadilishwa leo. Pembeni mwa jengo kuna ukanda wa kokoto badala ya majani, ili panya asiwe na pa kujificha akikaribia ukuta. Ghalani mifuko ya unga inakaa juu ya paleti, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi. Wauzaji hulalamika kwamba nafasi inapotea. Nawaelewa, lakini nyuma ya mfuko usioweza kuuona ndiko mambo yote huanzia.

Saa 9:30

Kikao na meneja. Kuna kampuni imeleta bei ya kupuliza ukungu wa dawa jengo zima kila wiki mbili, na swali la meneja ni la haki: si tupulize tu tukapumzika?

Namwonyesha picha za bomba. Ukungu wa dawa unamuua nondo anayeruka. Kiwavi aliye ndani ya unga uliogandamana, sentimita kadhaa kutoka juu, haumfikii. Wiki ijayo atakuwa nondo mwingine, buibui naye atarudi. Gesi ya fosfini ndiyo inayopenya, na tunaitumia kwenye ngano ya silo, yale maghala marefu ya nafaka: kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gesi, kinahitaji mahali palipozibwa kabisa na siku kadhaa, na kazi hiyo ni ya wafukizaji wenye kibali peke yao kwa sababu inaua watu. Mahali pakivuja, wadudu hupata dozi hafifu, wanaosalia wanazaa kizazi sugu. Tena fosfini inakula shaba. Jengo lililojaa paneli za umeme si mahali pake. Zamani vinu vingi vilifukizwa kwa methili bromidi, ila kwa kuwa inaharibu ozoni, chini ya Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea ziliiondoa kwenye matumizi ya kawaida ifikapo 2015. Kuna njia ya joto, kupasha jengo joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi kwa saa 24 au zaidi, nzuri sana ila ni ghali.

Ombi langu ni dogo kuliko bei ya ile kampuni: tukate mabomba yote mafu, yaani yasiyotumika tena, tupange kufungua vitako vya elevata kwa ratiba, tubadilishe taa za nje. Dawa ibaki, ikapulizwe kwenye nyufa tulizokwisha kusafisha. Meneja anauliza maswali mengi, na nafurahi kwa sababu ni maswali ya mtu anayetaka kuelewa. Anakubali taa zianze leo.

Saa 11:00 jioni

Fundi umeme anaondoa ile taa nyeupe juu ya mlango. Badala yake anafunga taa ya rangi ya njano kwenye nguzo iliyo mbali, inamulika mlango kutokea kule. Mpakiaji anaona vizuri, na mdudu anayefuata mwanga anaishia nguzoni. Mlangoni tunaongeza pazia la plastiki la vipande. Dereva wa foklifti anajaribu kupita mara kadhaa, anasema kipande cha katikati kinamziba macho, tunakipunguza.

Saa 12:30

Nakabidhi kwa msimamizi wa usiku. Mawingu yamejikusanya tena upande wa Pugu. Maagizo yangu yako kwenye daftari: mlango wa upakiaji ufungwe lori likiondoka, lisisubiriwe lingine ukiwa wazi, kumbikumbi wakitoka, wafagiwe nje usiku huohuo, utando wowote mpya uandikwe kabla ya kuguswa, mtego wa feromoni wa ghorofa ya pili usomwe kila asubuhi wiki hii, nione kama nondo wanapungua. Mabomba mafu yanakatwa Jumapili, mitambo ikizimwa kwa matengenezo. Fundi mitambo ameshapita na chaki kuyawekea alama, na ameongeza mawili ambayo hata mimi sikuwa nayo kwenye mchoro.