Umeikuta au umeiweka?

Leo siku ya nne, swali la Profesa bado halijanitoka kichwani. Wiki yenyewe ilikuwa na mengi, dada kajifungua salama, mkataba wangu umeongezwa mwaka, lakini nikilala nikiamka ni lile swali tu.

Nilikuwa ubaoni. Nilishaeleza kwamba kati ya nadharia za f(R), zinazorekebisha mvutano wa Einstein ili tuelewe kwa nini upanuzi wa ulimwengu unazidi kasi, simetria ya Noether, yaani badiliko lisilogusa kanuni za mwendo, huchagua mpindo R (kipimo cha kupinda kwa nafasi na muda) kwa kipeo cha 3/2. Akavua miwani.

"Mwanangu, hiyo simetria umeikuta au umeiweka?"

"Nimeikuta, Profesa."

Nilijibu upesi mno. Akasema "Haya," akavaa miwani yake. Hilo "haya" ndilo linaloniuma kuliko swali.

Maana niliiweka. Mwanahisabati Emmy Noether alionyesha mwaka 1918 kwamba penye simetria endelevu, ile ya kubadilika kidogokidogo bila kuruka, pana kitu kinachohifadhiwa. Mimi nilianzia upande wa pili: nilidai simetria iwepo, ndipo nikatafuta f(R) itakayoikubali. Ulimwengu haukuniambia kwamba unaitaka. Tena R kwa kipeo cha 3/2 hairudi kwenye R ya Einstein hata ukiibembeleza. Nilipaswa kumwambia hivyo, palepale, mbele ya watu.

Jana usiku nikarudia hesabu yote kwa mkono, kwa ulimwengu bapa, ambao nafasi yake haijapinda, mstari kwa mstari. Chukua a, kipimo cha ukubwa wa ulimwengu, zidisha kwa kipeuo cha pili cha R: zao hilo hukua kwa mwendo uleule daima. Mwendo huo ndio unaohifadhiwa. Kutoka hapo a mraba inakuwa polinomia ya muda ya digrii ya 4. Ukiweka vigezo vinavyofaa, mwanzoni a hukua kama kipeuo cha pili cha muda, upanuzi ukipungua kasi. Baadaye hukua kama muda mraba, upanuzi ukiongeza kasi, kama supanova, nyota zinazolipuka, zilivyotuonyesha mwaka 1998. Bila nishati ya giza, ile isiyojulikana inayodhaniwa kusukuma upanuzi! Niliinua kalamu, nikaitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

Simetria niliiweka, Profesa. Ule mgeuko, kutoka kupungua kasi hadi kuongeza kasi, nimeukuta. Jumatatu nitamfuata ofisini nimwambie yote mawili.

Mama alisema angenipigia akitoka kupimwa macho. Sasa ni saa tatu usiku, na simu yake inaita tu.