Alipima kabla ya kula au baada?

Juzi usiku mama alinitumia sauti ya dakika sita. Mwanamke mmoja, jina hakutaja, anaeleza jinsi sukari yake ilivyoshuka kutoka 18 hadi 6 kwa wiki tatu za kunywa unga wa majani fulani. Kopo ni shilingi 45,000. Chini yake mama ameandika: "Sikiliza mwanangu, huyu anasema kweli."

Nimeisikiliza mara tatu. Mama ana kisukari, lakini ni mwalimu mstaafu, hanunui hata nyanya bila kuigeuzageuza, kwa hiyo nilitaka kujua kilichomshika ni nini. Kwenye dakika ya pili nikakipata. Yule mwanamke anasema usiku miguu ilikuwa ikimwaka moto hadi anaitoa nje ya shuka, na mchana ganzi, kandambili inamvuka na yeye hana habari.

Huyo ni mama kabisa. Mwaka jana nilimtafutia maelezo yaliyoandikwa na madaktari, ya kuaminika. Yalizungumzia "uharibifu wa neva za pembezoni". Alisoma nusu, akashukuru, hakuyarudia tena. Aliyeandika alijua ugonjwa, lakini mama hakujiona mle ndani. Mwenye kopo la unga alimwona.

Nilimkumbuka shangazi, mwaka 2011, alipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, shilingi 500, cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Hakuna aliyemwonyesha utafiti wowote. Jirani alikuwa amerudi kutoka huko, akasimama uani akasema anajisikia mwepesi. Shangazi alimtazama usoni, akaenda kufunga mzigo.

Jana asubuhi nikapiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba sikubishana naye. Nilimuuliza tu: "Mama, hiyo 18 alipima kabla ya kula au baada?"

Kimya. Halafu nikasikia daftari likifunuliwa. Mama anapima kwa kijimashine kila asubuhi, na siku nyingine saa mbili baada ya chakula, na anaandika kila kitu. Akanisomea mwenyewe: siku moja, sukari 7.5 alfajiri kabla ya kula, 14 baada ya wali wa mchana. "Na sikunywa unga wowote," akasema taratibu. Kisha akaongeza jambo ambalo mimi sikuliwaza: yule mwanamke hakusema kama metfomini, vidonge vya kisukari vya hospitali, aliacha au aliendelea navyo. Wala hakutaja kile kipimo cha kliniki kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu.

Nilifurahi sana, nikadhani tumemaliza.

"Sawa," akasema, "sasa miguu yangu?"

Nikamuuliza daktari wake anasemaje kuhusu miguu. Hajawahi kumwambia. Miaka tisa ya kliniki, anaingia, anaulizwa namba, anaandikiwa vidonge, anatoka. Alidhani kuungua ni uzee, na foleni nje ni ndefu. Nilishindwa kuongea kwa muda. Zipo dawa za kupunguza maumivu ya aina hiyo, na mguu wenye ganzi unatakiwa kukaguliwa, kwa sababu kidonda usichokisikia ndicho kinachofika mbali.

Kliniki yake ni Jumanne. Nimemwomba aende na ile sauti kwenye simu, na akiingia amsikilizishe daktari dakika ya pili peke yake.