Chatu Mpole Naye Afungiwe kwa Kufuli

Katika nyoka wakubwa niliowahi kuwahudumia, mpole ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Chatu mkali humlazimisha mfugaji kuwa mwangalifu kila afunguapo kizimba, ilhali mpole humzoesha kuruka hatua moja leo na nyingine kesho, mpaka utaratibu wote ubaki jina tu. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye tayari anaye chatu mkubwa au anafikiria kumchukua, na jambo ninalotaka alishike ni kwamba kinga yake ni utaratibu unaofuatwa hata siku ambayo hauonekani kuwa na haja. Tabia njema ya nyoka si sehemu ya kinga hiyo.

Ninaposema chatu wakubwa nina maana ya wale wanaoweza kupita mita 4: chatu wa Burma, chatu wa Afrika, na yule wa kusini-mashariki mwa Asia mwenye michoro inayofanana na wavu, ambaye ndiye nyoka mrefu kuliko wote duniani. Jike mmoja wa aina hiyo aitwaye Medusa, aliyekuwa akitunzwa Kansas City nchini Marekani, alipimwa mwaka 2011 akaonekana kuwa na urefu wa mita 7.67 na uzito wa karibu kilo 159. Chatu wengi hawafiki huko. Hata hivyo, jike wa mita 5 ni mnyama ambaye mtu mzima mwenye nguvu hawezi kumbandua peke yake akishajiviringisha mwilini. Mtoto wa chatu wa Burma hutoka yaini akiwa na urefu wa nusu mita hivi, na akilishwa vizuri anaweza kukaribia mita 3 kabla hajatimiza miaka 3. Baada ya hapo ana miaka 20 au zaidi ya kuishi. Kwa hiyo anayemchukua akiwa mdogo anapaswa kujua mapema ni chumba kipi kitamtosha akiwa mkubwa, na ni nani atakayesimama karibu naye wakati wa kumshika.

Chatu humuuma mfugaji kwa sababu kuu mbili, nazo hazifanani hata kidogo. Anayeuma kwa hofu hupiga na kuachia papo hapo, akaacha vidonda vinavyotoka damu lakini ambavyo kwa kawaida havimwangushi mtu. Anayeuma kwa kudhani kwamba ameshika chakula haachii: hung'ang'ania kwa meno yaliyopinda kuelekea kooni, na mara moja huanza kuzungusha mapindi ya mwili wake. Ajali za kutisha mara nyingi huzaliwa na sababu hii ya pili, na chanzo chake kinaeleweka tukiutazama mwili wa chatu mwenyewe. Macho yake hayamsaidii sana kutofautisha umbo la mkono na umbo la sungura. Anategemea harufu anayoikusanya kwa ulimi, pamoja na vishimo vilivyo kwenye midomo yake ambavyo huhisi joto la kiumbe aliye mbele yake. Mkono wenye joto, ulionukia sungura, unaoingia kupitia mlango uleule unaopitishiwa chakula, una kila dalili ya kuwa chakula. Chatu anayeupiga mkono huo hajamsaliti mtu, wala hana kinyongo. Amefanya kile ambacho mwili wake umeumbwa kukifanya.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba nyoka wanaobana huua kwa kuzuia pumzi peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo cha Dickinson nchini Marekani walichapisha vipimo walivyovifanya kwa nyoka aina ya boa na panya, wakaonyesha kuwa mzunguko wa damu wa panya huvurugika ndani ya sekunde chache baada ya kubanwa, kabla ya hewa kumwishia. Binadamu si panya na chatu si boa, lakini namna ya kubana ni moja, na mimi nimeufanya utafiti huo kuwa sababu ya kutokubali mzaha kuhusu kanuni ya watu wawili. Aliyebanwa shingoni au kifuani huenda asipate nafasi ya kupiga kelele, seuze kutafuta simu. Mwaka 1996 kijana wa miaka 19 mjini New York alikutwa akiwa amezungukwa na chatu wake wa Burma wa karibu mita 4, na inasadikiwa kwamba ajali ilitokea alipokuwa akijiandaa kumpa nyoka huyo kuku kama chakula.

Kanuni yenyewe ni hii: chatu akishapita mita 2.5 hivi, kizimba chake hakifunguliwi mpaka mtu mzima wa pili awepo, na kadiri urefu unavyoongezeka idadi ya watu nayo huongezeka, takriban mtu mmoja kwa kila mita moja na nusu. Wa pili huyo awe ndani ya chumba kilekile, mikono yake ikiwa mitupu, akimtazama nyoka, na awe amekwisha kufundishwa la kufanya. Mtu aliyeko sebuleni akitazama televisheni hahesabiwi, na mtoto hahesabiwi kamwe, hata akiwa mkubwa wa umbo.

Upande wa kulisha ndio ninaoupa muda mwingi zaidi. Mawindo yawe yamekufa tayari, yaliyogandishwa kisha yakayeyushwa kabisa hadi ndani, kwa sababu panya au sungura aliye hai anaweza kumng'ata nyoka vibaya, na pia kwa sababu vurugu za mnyama anayekimbia humpandisha chatu hamu asiyoweza kuishusha upesi. Chakula kitolewe kwa koleo refu, mkono ukiwa mbali na mlango, na mawindo yasiachwe chumbani humo kabla ya wakati, kwani harufu ikitangulia nyoka naye hutangulia kujiandaa. Wapo wanaoshauri nyoka ahamishiwe kwenye sanduku jingine ili ale huko, asije akahusisha mlango wa kizimba na chakula. Kwa mtoto wa chatu jambo hilo linawezekana. Kwa nyoka wa kilo 50 ninalipinga, maana linamlazimu mfugaji kumbeba mnyama katika saa ile ile ambayo hamu yake iko juu kabisa, tena mara mbili, kwenda na kurudi.

Njia iliyo bora ni kumfundisha nyoka kwamba kuguswa kuna maana yake. Kila mara kizimba kinapofunguliwa kwa shughuli isiyo ya kulisha, iwe ni kusafisha, kubadilisha maji au kumkagua, mfugaji huanza kwa kumgusa taratibu ubavuni kwa fimbo yenye ndoano, na kuusukuma kidogo mwili wake mpaka aonekane ametulia, ulimi ukitoka na kuingia polepole. Siku ya chakula fimbo haimgusi. Baada ya miezi kadhaa tofauti huonekana wazi: akiguswa hulegea na kugeuza kichwa, asipoguswa husogea mlangoni akiwa amekunja shingo tayari kupiga. Mafunzo haya hayamfanyi nyoka kuwa wa kuaminika. Yanampa mfugaji ishara ya kusoma kabla mkono haujaingia, na ishara hiyo hupotea siku mtu anapoona uvivu kuichukua fimbo.

Akishakula aachwe. Watafiti wamepima chatu wa Burma na kuona kuwa misuli ya moyo wake inaweza kuongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya mlo mkubwa, kwa jinsi kazi ya kumeng'enya inavyoutaka mwili wote, na chatu anayebughudhiwa wakati huo huweza kutapika mlo mzima. Aachwe vilevile anapokaribia kujivua gamba, macho yakiwa na ukungu, maana haoni vizuri na hushtuka upesi. Na wasiwekwe wawili kizimba kimoja: wakishika mawindo mamoja, mfugaji atajikuta akitenganisha wanyama wawili ambao kila mmoja anaamini mwenzake ni chakula.

Ikitokea mtu ameumwa na kuzungukwa, asivute. Meno yaliyopinda hupasua nyama zaidi yakivutwa, na kuvuta humfanya nyoka azidi kubana. Msaidizi aushike mkia na kuanza kuyafungua mapindi kutokea huko, kwa sababu nguvu za chatu ni hafifu zaidi mkiani, huku aliyeumwa akijitahidi kuzuia pindi lisipite shingoni. Spiriti kidogo ikimiminwa mdomoni mwa nyoka mara nyingi humfanya aachie, kwa hiyo chupa ya spiriti inakaa kando ya mlango wa chumba cha nyoka, mahali pa kudumu, na haitumiki kwa kazi nyingine yoyote.

Yote hayo ni ya wakati mlango umefunguliwa. Misiba iliyoniumiza zaidi kuisoma ilitokea mlango ukiwa unadhaniwa umefungwa. Mwaka 2009 huko Florida mtoto wa miaka 2 aliuawa kitandani na chatu wa Burma ambaye hakuwa amelishwa ipasavyo, na ambaye tangi lake halikuwa na kifuniko cha kweli. Mwaka 2013 huko Campbellton nchini Kanada, ndugu wawili wadogo waliuawa usingizini na chatu wa Afrika aliyepita kwenye njia ya kupitishia hewa. Hakuna hata mmoja kati ya watoto hao aliyemchokoza nyoka. Kwa sababu hiyo ninasisitiza vizuizi viwili: kizimba chenye kufuli la ufunguo, na chumba kizima chenye kufuli lake, mlango ukiwa na kidirisha cha kumwezesha mtu kuona nyoka alipo kabla hajaufungua. Matundu yote ya hewa yazibwe kwa wavu wa chuma uliokazwa kwa skrubu, wala si kwa gundi. Chatu husukuma. Husukuma usiku kucha, kwa subira, kila pembe, na mfuniko uliozuiwa kwa tofali au kwa kamba ni suala la muda tu. Nyumba yenye watoto wadogo na isiyo na chumba cha kufungwa namna hiyo, kwa maoni yangu, haifai kuwa na chatu mkubwa hata kidogo.

Joto nalo linahusu usalama, ingawa kwa ufupi. Kizimba kiwe na upande wa nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi na sehemu ya kuota joto yenye nyuzi 31 hadi 33, kila chombo cha joto kikiongozwa na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, na kuzungushiwa wavu, kwani nyoka huungua vibaya akikigusa moja kwa moja. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, kwa kuwa wanyama watambaao hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua.

Lililobaki ni swali ambalo wengi huliahirisha: atakwenda wapi ikiwa mfugaji ataugua, atahama au atashindwa? Bustani za wanyama kwa kawaida hazina nafasi, na watu wenye chumba, leseni na uzoefu wa chatu wa mita 5 ni wachache. Kumwachia porini ni kosa kubwa. Chatu wa Burma waliotoka mikononi mwa wafugaji sasa wanazaliana katika kinamasi cha Everglades huko Florida na wamepunguza sana wanyama wa asili wa eneo hilo, na mwaka 2012 Marekani ilipiga marufuku kuingiza nchini aina kadhaa za chatu wakubwa. Kwa hiyo kabla ya kumchukua nyoka ninataka kuwa na jina la mtu aliyekubali kwa maandishi kumpokea, pamoja na daktari wa wanyama anayewatibu nyoka wa ukubwa huo. Majina hayo mawili, namba zao za simu, tarehe ya mlo wa mwisho na uzito wa nyoka huandikwa kwenye karatasi inayobandikwa upande wa nje wa mlango, mahali ambapo mtu wa zimamoto au jirani ataisoma kabla ya kuingia.