Kwato Zilipoishia Barabarani

Mwaka 2000 kiangazi kilitubana Turkana Kusini, kaskazini-magharibi mwa Kenya, hadi nyasi zikabaki upande mmoja tu, chini ya milima, karibu na mpaka wa Pokot Magharibi. Kila mfugaji alijua hatari ya kupeleka ng'ombe kule. Baba aliwapeleka kwa sababu asingewapeleka angewatazama wakifa mmoja mmoja. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, shule zimefungwa, nikaenda kukaa na binamu zangu huko malishoni.

Wezi wa ng'ombe walituvamia alfajiri, mifugo ikiwa bado zizini. Mbwa walianza, kisha milio ya AK-47 ikafuata. Upande wetu kulikuwa na bunduki moja, ya mzee jirani aliyekuwa polisi wa akiba. Serikali ilikuwa imempa bunduki na risasi chache, mshahara haikumpa. Alifyatua alizokuwa nazo hadi zikaisha. Binamu yangu mkubwa alipigwa risasi ya paja akijaribu kuziba mlango wa miiba. Hospitali iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa Ortum, ng'ambo ya mpaka, na hakuna aliyethubutu kumpitisha huko. Alipakiwa kwenye lori la mkaa lililokuwa likielekea Lodwar, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenye lami iliyojaa mashimo. Alipona, lakini mpaka leo anatembea kwa fimbo.

Tuliambiwa gari la polisi halina mafuta. Baba akakusanya wanaume wachache, nami nikabebeshwa dumu la maji, tukafuata nyayo.

Baba aliisoma ardhi. Alinionyesha alama ya ukwato uliopasuka wa fahali wake mwekundu, akanionyesha ndama alipochoka na kuburutwa, na mahali walipokojoa kwa pamoja baada ya kukimbizwa sana. Sote tulitarajia nyayo zipande mlimani. Hazikupanda. Zilikata kona na kuteremka kwenye barabara kuu ya Kitale hadi Lodwar, na hapo, kando ya lami, penye kichuguu cha udongo ambapo gari linaweza kurudishwa nyuma likapakiwa, zikaisha. Kulikuwa na kinyesi kibichi na alama za magurudumu mapana. Wazee waliinama wakazitazama kwa muda mrefu.

Nilikua nikiambiwa kwamba adui ni Mpokot, na Wapokot waliambiwa adui ni sisi. Vijana wa kwetu nao walivamia, na mama za Kipokot walilia kama mama yangu. Lakini wazee waliokuwa nasi walijua wizi wa aina nyingine, ule ambao ng'ombe walionekana tena kwenye zizi la upande wa pili, wakatolewa mahari, na wazee wa pande mbili wakaweza kukaa chini ya mti na kudaiana. Ng'ombe aliyepakiwa kwenye lori unamdai nani? Siku mbili tatu tu, ameshakuwa nyama mjini.

Ndiyo maana hunichoma moyo kila ninaposikia mtu akisema redioni kwamba huu ni utamaduni wa wafugaji. Lori la ng'ombe halifichiki. Kutoka pale hadi Kitale unapita Marich, unapita Makutano, na kusafirisha mifugo kunahitaji kibali. Mtu aliliruhusu lipite, na mtu alinunua. Februari 2023 jeshi lilipotumwa kusaidia polisi katika kaunti sita za Bonde la Ufa kaskazini, nilikaa na redio nikingoja kusikia habari za wanunuzi na wenye malori. Nangoja bado.

Kesho yake baada ya kufuata zile nyayo, baba alinichukua twende kituo cha polisi kuandikisha, kwa kuwa yeye hakujua Kiswahili. Afisa aliuliza idadi ya ng'ombe. Baba hakuwa na mazoea ya kuwahesabu. Alianza kuwataja kwa rangi na pembe, kila mmoja na mama yake, nami nikawa natafsiri huku nikiwahesabu kwa vidole. Afisa aliandika jumla tu. Kisha akauliza majina ya washukiwa.

"Mwambie aandike lori," baba akasema.

Afisa akauliza namba ya usajili. Hatukuwa nayo. Akauliza kama kuna aliyeliona. Baba akasema ameona magurudumu yake, na kwamba kama afisa angekubali kutoka nasi wakati huohuo, kabla ya upepo wa jioni, angemwonyesha. Afisa alisema eneo lile liko wilaya nyingine, twende tukaandikishe huko. Huko ndiko tulikoogopa kumpitisha hata mgonjwa wetu.

Baba alitia kidole gumba kwenye karatasi. Shule zilipofunguliwa aliuza mbuzi waliobaki, wote isipokuwa majike mawili aliyomwachia mama kwa ajili ya maziwa ya wadogo zangu, akanilipia karo.