Maharage 19 ndani ya kopo

Jumamosi ile tulikuwa tumekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya Mama Mwenyekiti, hapa Nkuhungu, upepo wa Agosti ukitujaza vumbi mpaka masikioni. Kikoba chetu kina wanachama 28, na kwenye kikao hatuitani majina, tunaitana namba. Mimi ni Namba 14. Mama Mwenyekiti akasema: "Wanaokubali hela ya sanduku iingie kwenye mpango, wanyooshe mikono." Namba 12 akanyoosha. Namba 13 akanyoosha. Kulia kwangu Namba 15 akanyoosha mkono mmoja, wa pili ameshika mtoto anayenyonya. Nikauona mkono wangu nao unapanda. Mimi niliyekesha nikipiga hesabu za kuukataa mpango huo, mkono wangu ukapanda, na ulipokuwa juu nikakosa namna ya kuushusha.

Mpango wenyewe uliletwa na kijana nadhifu, mpwa wa Namba 7. Siku ya kwanza alikuja na sukari, kilo mbili mbili kwa kila mwanachama, na kitenge cha Mama Mwenyekiti. Hakuomba kitu. Siku nyingine akawashawishi watatu waweke elfu hamsini hamsini, na baada ya wiki tatu kila mmoja akahesabiwa themanini mbele ya macho yetu. Ndipo akasema nafasi za vikundi zimebaki mbili tu Dodoma nzima, na mwisho wa mwezi zinafungwa. Ukishakunywa chai kwa sukari ya mtu, kumwambia hapana kunakuwa kama kumtukana. Na ukishamwona jirani yako anahesabu noti, huulizi tena noti hizo zimetoka kwa nani. Zilitoka kwa wale walioingia nyuma yake, hakuna biashara nyingine iliyokuwepo.

Sandukuni tulikuwa na milioni tisa na ushee. Hiyo ni ada za Januari, ni mabati ya watu. Uamuzi ukapita: hela itolewe baada ya wiki tatu.

Jumamosi iliyofuata nikaomba nafasi ya kusema. Nilikuwa nimejiandaa kweli. Nilichukua kalenda ya zamani, nyuma yake nikaandika kwa kalamu nene: mtu mmoja analeta watano, watano wanaleta 25, 25 wanaleta 125. Nikashuka nao hatua kwa hatua. Ukifika hatua ya kumi na kujumlisha wote, unahitaji watu 12,207,031, wakati sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa mzima wa Dodoma. Hatua ya kumi na moja, jumla inakuwa 61,035,156. Tanzania nzima, pamoja na vichanga vilivyo mgongoni, sensa ile ile ilipata watu 61,741,120. Yaani hatua kumi na moja tu nchi imekwisha, hakuna tena wa kumleta, na wa mwisho wote wamelia. Mpaka leo naipenda hesabu ile. Nikawakumbusha na DECI, ule mpango wa upatu wa 2009, watu walivyoambiwa wanapanda mbegu na watavuna, mpaka serikali ilipoingilia kati.

Nilipomaliza, kimya. Kisha Namba 7 akasema taratibu, "Ile ilikuwa ya watu wa mbali. Huyu ni mtoto wetu, amekula mlenda kwenye hiki kibaraza." Mwingine akauliza kama nina wivu kwa kuwa sikuwa miongoni mwa wale watatu. Na wale watatu waliopata themanini, ambao wiki iliyopita walikuwa na wasiwasi, ndio waliosimama kuutetea mpango kwa nguvu zote. Niliwafanya waonekane wajinga mbele ya wenzao. Nani atakubali kuwa mjinga saa tisa alasiri mbele ya wanawake 27? Kalenda yangu ndiyo iliyowapa sababu ya kukaza.

Ushauri nilioupata baada ya hapo uliniudhi. Mwalimu mwenzangu akasema niwatishe na polisi. Shemeji akasema nilete mtu mwenye cheo aje awafokee. Wote walidhani wanawake wale hawajui kufikiri. Mimi nilikuwa na ushahidi mkononi kwamba mtu anaweza kufikiri sawasawa na bado mkono ukapanda, kwa sababu wangu ulipanda.

Aliyenifungua macho ni binti yangu, anasoma saikolojia chuoni hapa hapa Dodoma. Nilimsimulia habari ya mkono, akanieleza jaribio la Solomon Asch wa Marekani, la 1951. Watu wanaoneshwa mstari kwenye kadi, wanaulizwa ni upi kati ya mitatu unalingana nao, jibu liko wazi hata kwa mtoto. Lakini wote chumbani isipokuwa mmoja wamepangwa watoe jibu la uongo. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo huo angalau mara moja. "Sasa sikiliza hapa mama," akasema. "Akipatikana mmoja tu anayesema kweli, wanaofuata uongo wanapungua sana. Na mtu akiruhusiwa kuandika jibu lake faraghani, vivyo hivyo." Usiku ule nililala vizuri. Nilihitaji mtu mmoja, na faragha.

Huyo mmoja nilimtafuta vibaya. Nilienda kwa waliosoma: karani, kisha muuguzi. Wote waliniambia pembeni kwamba hawautaki mpango, na wote wakasema hawatasimama. Namba 19 nilimpita kila siku asubuhi nikinunua vitumbua vyake na wala sikumfikiria, kwa sababu hakumaliza darasa la saba. Hilo linaniuma kuliko mkono. Siku moja alipokuwa ananifungia vitumbua kwenye gazeti akasema mwenyewe, "Mwalimu, mimi yule kijana nilimuuliza hela yetu inakwenda kufanya kazi gani. Akanijibu, mama una sura ya baraka. Sasa hilo ni jibu?" Katika wote 28, yeye ndiye aliyemuuliza swali.

Nikaenda kwa Mama Mwenyekiti jioni, peke yangu, bila kalenda. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Nimekuja kuhusu katiba yetu." Kipengele cha kura ya siri kwa jambo linalogusa zaidi ya nusu ya mfuko alikipigania yeye mwenyewe tulipoanzisha kikoba, na hujivunia mbele ya vikundi vingine. Nikasema tukipiga kura kwa mujibu wake, likitokea la kutokea hakuna atakayemlaumu yeye. Mpango sikuutaja kwa ubaya hata mara moja. Akafikiri, akasema, "Kweli, ile mikono haikuwa halali."

Kura yenyewe niliiandaa kwa uangalifu. Makopo mawili jikoni kwake, nyuma ya pazia. Kila mwanachama anapewa punje ya mahindi na harage moja: mahindi ni kukubali, harage ni kukataa. Unadondosha moja kwenye kopo la kura, nyingine kwenye kopo la masalia. Nilipojaribu nyumbani nikagundua harage linagonga bati kwa sauti nzito kuliko punje ya mahindi, aliye nje anaweza kukisia. Nikatandika kipande cha khanga chini ya kila kopo. Kimya kabisa.

Kabla ya kura, Namba 19 aliomba nafasi, akarudia lile swali lake na lile jibu alilopewa, akakaa. Hakuchukua hata dakika mbili.

Kopo likamwagwa kwenye ungo. Mahindi tisa, maharage 19. Wanawake walitazamana kana kwamba ndio kwanza wanaonana. Namba 15 akasema, "Kumbe na wewe?" akimgusa goti Namba 13.

Si wote niliwaokoa. Wanne walipeleka hela zao za mfukoni, na mpaka leo wanapigiwa kalenda. Namba 7 alininunia miezi kadhaa, na mpwa wake hajaonekana tena mtaani. Desemba tulivunja mzunguko, kila mtu akachukua chake. Sanduku letu lina kufuli tatu, na ufunguo wa tatu sasa anautunza Namba 19.