Nilivyohama kivinjari na nywila zangu zote

Mpwa wangu alipogundulika ana selimundu, nilisoma sana kwenye simu: dawa ya hydroxyurea, lishe, dalili za kumkimbiza mtoto hospitali. Haikupita muda, matangazo ya dawa za "kuongeza damu" yakaanza kunifuata hadi kwenye kurasa za mpira na mapishi. Dada alikuwa hajawaambia hata wakwe zake. Jambo la ndani ya familia, na tayari kuna watu nisiowajua wanalitumia kuniuzia vichupa! Liliniuma sana, nikaamua kuachana na kivinjari kilichokuja na simu.

Dirisha fiche (incognito) lisingenitosha. Linafuta historia kwenye simu yako tu. Tovuti unazofungua zinaendelea kukuona, na kampuni ya simu pia. Mwaka 2024 Google ilikubali kufuta kumbukumbu za watu waliotumia dirisha la aina hiyo, baada ya kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020.

Nilihamia kivinjari cha Firefox. Inavitenga vidakuzi (cookies, alama ndogo ambazo tovuti huacha kwenye simu yako ili zikutambue), kila tovuti na mtungi wake, kwa hiyo kampuni ya matangazo iliyojibanza kwenye tovuti kumi haiwezi kuviunganisha na kujua ni mtu yuleyule. Na kwenye Android inapokea uBlock Origin, kiongezo cha kuzuia matangazo. Hiyo ndiyo iliyonifaa kuliko yote: kurasa za habari zilizojaa video zinazojicheza zenyewe zikawa nyepesi, na bando likaanza kukaa.

Kazi ilikuwa kwenye nywila. Nilitumia kompyuta: kivinjari cha zamani kikazitoa zote kwenye faili moja la CSV (maandishi ya kawaida yaliyopangwa kama jedwali), Firefox ikalipokea, kisha nikaingia akaunti ileile kwenye simu zikaja zenyewe. Kuweni makini sana na faili hilo. Halina kufuli lolote. Ukilifungua unaona jina la benki, jina lako na nywila vimepangwa mstari mmoja, na yeyote anayeshika kompyuta hiyo anaona hivyohivyo. Usilitume WhatsApp, usiliache kwenye kompyuta ya ofisi. Langu nililifuta palepale, na kwenye kapu la taka pia.

Kisha nikaweka ulinzi wa Firefox dhidi ya wanaokufuatilia kwenye kiwango cha juu. Kurasa chache ziligoma, hasa za malipo. Ukikutana nazo, gusa alama ya ngao kando ya anwani, uzime ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake. Ngao hiyohiyo inakuonyesha waliozuiwa. Fungua ukurasa mmoja wa habari uone orodha yake ilivyo ndefu.

Ukiingia kwenye akaunti yako ya mtandao wa kijamii, wenyewe wanakujua vilevile, kivinjari chochote utumie. Ndiyo maana mambo ya afya nayatafuta nikiwa nimetoka kwenye akaunti zote, kupitia DuckDuckGo, tovuti ya kutafutia kama Google. Dada naye nimeshamwekea hivyohivyo kwenye simu yake.