Kijiti cha TV kilichoungana na Wi-Fi bila kupata intaneti

Kijiti cha Android TV, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye HDMI ya TV ili icheze video za mtandaoni, kiliandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti", ilhali simu kwenye Wi-Fi ileile ilicheza video vizuri. Maneno hayo yanasaidia sana: nywila ni sahihi na ruta imekikubali kifaa. Kwa hiyo sikukirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, maana hatua hiyo hufuta akaunti na programu zote na mara nyingi chanzo hubaki palepale.

Nilianza na umeme. Kijiti kilikuwa kimechomekwa kwenye tundu la USB la TV. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa ampea 0.5, na adapta ya kijiti iliandikwa 5V, 1A. Wi-Fi inapofanya kazi kubwa, kijiti huhitaji umeme zaidi, volti hushuka, na mawasiliano hukatika huku menyu ikionekana kama kawaida. Ndiyo maana watu hulaumu mtandao. Nilikihamishia kwenye adapta yake ya ukutani, kwa waya wake mfupi. Waya mrefu mwembamba hupoteza volti njiani hata adapta ikiwa nzima.

Kukatikakatika kuliisha, intaneti bado. Nikafungua Mipangilio, Mtandao, nikasoma anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, kifaa kimejipa anwani chenyewe kwa sababu ruta haikukipa. Hutokea umeme ukirudi na kijiti kikawaka kabla ya ruta kuwa tayari: kichomoe, subiri taa ya intaneti kwenye ruta itulie, ndipo ukichomeke. Changu kilikuwa na anwani inayoanza na 192.168.1, yaani iliyotolewa na ruta, kwa hiyo tatizo halikuwa hapo.

Lilikuwa kwenye tarehe, iliyokuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Vijiti vingi havina betri ya kutunza saa, hivyo umeme ukikatika hulazimika kuichukua upya mtandaoni. Tarehe ikikosewa, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kama havijaanza kutumika, na kijiti hukataa kila muunganisho wa HTTPS, yaani muunganisho salama unaotegemea vyeti hivyo. Nilizima saa ya otomatiki, nikaweka tarehe, saa na ukanda wa saa kwa mkono, nikawasha upya. Intaneti ikaja. Baadaye nikairudisha otomatiki.

Video bado zilikwama jioni. Nilipima nguvu ya Wi-Fi kwa programu ya simu, simu ikiwa nyuma ya TV: −76 dBm. Kwa kipimo hiki, namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu; kwa video natafuta −67 au bora zaidi. Bamba la chuma la TV huzuia mawimbi, kwa hiyo nilitumia waya mfupi wa kurefusha HDMI, kijiti kikaning'inia pembeni, nje ya kivuli cha TV. Kwenye bendi ya Wi-Fi ya 2.4 GHz, katika mipangilio ya ruta, niliweka chaneli (njia ya mawimbi) 11 na upana wa 20 MHz, kwa sababu majirani walijaa chaneli 1 na 6. Kasi ipimwe kwenye kijiti chenyewe, si kwenye simu: Netflix hushauri Mbps 5 kwa HD kamili na 15 kwa 4K.

Ukitumia bendi ya 5 GHz, chagua chaneli 36 hadi 48. Baadhi ya vijiti havizioni chaneli za 52 hadi 144, na jina la Wi-Fi halitatokea kwenye orodha hata kama simu inaliona.